Zamu ya Maji ya Baba

Tangu baba ahamie kwangu Same, kila alfajiri nilisikia fimbo yake ikigonga saruji ya baraza. Anatoka, anasimama akiitazama milima, kisha ananiuliza kupitia dirishani, "Zamu yetu ni lini?" Namjibu, "Jumatano, baba." Hapo anaridhika na kukaa. Nyonga zilikuwa zimemkatalia milima, na huku chini hatuna shamba wala mfereji, tuna bomba linalotoa upepo mwingi kuliko maji. Lakini kule juu, upande wa Chome, bado alikuwa na zamu, na kwa hesabu yake mtu mwenye zamu ya maji hajahama, ameshuka tu kwa muda.

Nieleze kwa asiyetujua. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo wazee wetu walilichimba juu ya mashamba. Usiku linajaa kutoka kwenye kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka mferejini kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Tope likizidi inaitwa msaragambo, kazi ya wote, na kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Kazi ikiisha, msimamizi wa maji anataja nyumba zote na kila nyumba inaitika. Nyumba ikinyamaza mara moja inasamehewa. Ikinyamaza tena, watu wanaanza kuisemasema. Yetu ilikuwa imekwisha kunyamaza mara moja, mwaka ule nyonga za baba zilipoanza kuuma.

Kwa hiyo habari ya msaragambo mwingine ilipotufikia, baba hakula. Nilimpigia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam. Akacheka, "Dada, maji gani tena? Mtumie mtu hela akuitikie." Nilimkatia simu. Nina ulimi mkali, lakini siku hiyo niliona hata ukali ni kumpa heshima asiyostahili. Nikafunga cherehani yangu, nikaacha sare za watoto wa shule zikiwa hazina vifungo, nikachukua jembe la baba.

"Gari liishie Suji," baba aliniambia. "Kutoka pale nenda kwa miguu. Anayefika kwa gari ni mgeni, na mgeni hana zamu. Pita nyumba zote za njiani ukawasalimie. Na usiiache zamu yangu, mwanangu. Nikiiacha ile, mtanizika hapa kwenye vumbi kama mpita njia."

Pale Makanya kondakta aliliangalia jembe akaniuliza kama nakwenda kuzika. Nilimwambia bado. Gari likaacha mkonge na joto, likapanda kwa kona zile zinazowafanya abiria wanyamaze ghafla, hata waliokuwa wanabishana. Nilipoteremka Suji ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na kengele ya kanisa ilikuwa inalia kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Njia ya zamani inaanza nyuma ya kanisa. Inapita kati ya kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, mawe ambayo babu zetu waliyabeba mgongoni ili udongo usiteremke na mvua. Utotoni niliipita nikikimbia. Sasa niliipita nikiegemea jembe, na niliona aibu kidogo. Nyumba ya kwanza kwenye orodha ya baba, ile yenye madirisha ya mbao na paa la bati lililoshika kutu, ilikuwa na kufuli. Ya pili ilikuwa na kufuli pia. Kwenye ya tatu alitoka mzee mmoja wa kike, akapokea shikamoo yangu, akauliza habari za baba, akaniambia wanawe wako Arusha na wanampigia simu Jumapili. Alinishika mkono muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Baada ya hapo niliteremka bonde la kwanza. Mto uliokuwa ukitufika kiunoni niliuvuka kwa kukanyaga mawe, viatu vikabaki vikavu. Nikapanda upande wa pili kwenye kijiji ambacho zamani kilikuwa na mnada, shule, na fundi saa. Shule ipo. Uwanja wa mnada umeota magugu, na mbuzi mmoja alikuwa amefungwa pale kama ndiye bidhaa iliyobaki. Nilibisha hodi kila mlango niliotajiwa. Mara nyingi nilijibiwa na kuku. Nikasikia huzuni ikinipanda, si ya machozi, ile ya kukufanya uchukie hata mandhari nzuri. Watu wa mbali wanakuja kutembea huku kutazama msitu wa Shengena na wanapiga picha za nyumba hizi. Mimi nilitaka moshi utoke hata kwenye moja.

Nilichokuwa nacho cha kunitia nguvu ni hasira. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na mimi sikatai. Njia nzima niliitayarisha kesi yangu. Nilikuwa na uhakika kuna mtu anainyemelea zamu ya baba, na nikamchagua mshitakiwa: mjane mwenye shamba chini ya letu, kwa sababu zamu yetu ikikosa mwenyewe, maji yanakwenda kwake. Kwenye bonde la pili, nikivuka daraja la magogo, nilisema kwa sauti, "Babu yangu aliichimba ndiva hii kabla mumeo hajazaliwa!" Ndege wakaruka. Nikaona hoja ni nzuri, nikaitunza.

Jioni nilifika. Nyumba yetu imesimama, ila mlango uliovimba kwa unyevu haukufunguka. Nilikuwa bado nausukuma kwa bega nilipomsikia mjane nyuma yangu. "Uache, mwanangu, utaumia. Njoo kwangu." Akaninyang'anya mzigo. Akanipa maji ya moto ya kunawa miguu, akanipakulia makande, akaniuliza kama baba bado anaimba zile tenzi zake alfajiri. Hakutaja maji hata mara moja. Nilikula nikimtafutia kosa, sikulipata.

Baragumu lililia kukiwa bado na ukungu. Niliikumbuka sauti ile ikiwatoa watu mpaka njia zinajaa, majembe yakigongana, wanawake wakiimba. Safari hii tulikusanyika wachache kwenye ukingo wa ndiva, na karibu wote walikuwa na mvi. Mimi, mwenye umri wa kuitwa bibi, niliitwa kijana. Waliniambia niingie katikati, kwenye tope la magoti, kwa kuwa nina miguu mizima. Tulizoa tope kutwa. Mwingine alizoa akiwa amekaa. Hakuna aliyelalamika na hakuna aliyeimba.

Kazi ilipoisha, msimamizi wa maji, mzee aliyekua pamoja na baba, alisimama penye mlango wa mfereji na kuanza kutaja nyumba. Nyingine ziliitika. Nyingine alizitaja, akasubiri, akaendelea. Alipotaja yetu niliitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikaweka jembe la baba mbele yangu, tayari kwa kesi.

"Karibu, mama," alisema. "Zamu ya baba yako ipo. Jumatano ni yake."

Hakuna aliyepinga. Nikatazama huku na huku nikimtafuta adui, nikawaona wazee waliochoka, wakikung'uta tope miguuni.

"Tutamfungulia," aliendelea. "Ila naomba kujua, shamba lina nini?"

"Lina magugu," nilisema.

"Na nani atalima?"

Nilimfikiria kaka yangu. Nilifikiria cherehani yangu na wanangu, ambao Kichasu, lugha yetu Wapare, wanakijua kwa kutukanana tu. Msimamizi hakusubiri jibu. Akaniambia kwa upole kwamba sheria ya ndiva ninaijua: hakuna wa kumnyang'anya mtu zamu. Jumatano maji yataingia kwenye magugu ya baba, kwa heshima, mpaka siku mwenyewe au damu yake atakaposimama hapa na kuiachia kwa mdomo wake. "Hatukuhimizi," alisema. "Kijito nacho unakiona."

Nilikiona. Ndiva ilikuwa haijai tena mpaka mdomoni, na wa mwishoni mwa mfereji walipata matope. Nikageuka kuangalia chini. Shamba letu lilikuwa limejaa magugu marefu ya kijani, yakinyweshwa kila Jumatano. Chini yake, maharage ya mjane yalikuwa yanaanza kutoa maua, na majani yamejikunja kwa kiu. Alikuwa amesimama karibu nami akilisafisha jembe lake kwa kijiti. Hakunitazama. Angenitazama, angenisihi, ningeipata hasira yangu na ningeshinda.

Nilichukia kwamba wote walikuwa wema. Niliomba moyoni mtu mmoja tu anitukane.

Nikaliinua jembe la baba, nikalilaza kwenye mlango wa mfereji kama inavyotakiwa, nikasema kwa jina lake kwamba nyumba yetu inaiachia Jumatano, iende shamba la chini. Mjane akaanza kulia kabla yangu. Wazee wakaitikia, na msimamizi akaniambia jembe si la kuliacha pale, nirudi nalo.

Nilirudi kwa njia ile ile, kwa mabonde yale yale, nikiwa na kesi mpya kichwani, ya kujitetea. Sikumbuki kama mvua ilinyesha, nakumbuka tu kwamba nilifika Same nikiwa na matope mpaka kwenye kitenge.

Baba alikuwa barazani. Hakuulizia maji. Aliulizia nyumba, moja moja, kuanzia ile ya nyuma ya kanisa. Nami nikajibu: kufuli. Kufuli. Yupo, anakusalimu. Kufuli. Aliendelea mpaka mwisho wa njia bila kukosea mlango, kama anatembea. Ndipo akasema, "Na msaragambo?"

Nikamwambia yote. Nilikuwa nimetayarisha hoja lakini hakunipa nafasi ya kuzitoa.

"Maharage yake yalikuwa yanatoa maua?"

"Yalikuwa yanaanza, baba."

"Hapo ndipo yanapotaka maji." Akaiegemeza fimbo yake ukutani. "Ulisema kwa jina langu?"

"Nilisema kwa jina lako."

"Na walikusikia?"

"Walinisikia."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaomba jembe, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akalitoa udongo wa kwetu uliokuwa umekauka hapo, akaufunga kwenye leso yake. Jembe akasema nimpe jirani yangu anayechimba msingi.

Jumatano niliamka mapema kabla ya jua, nikabaki kitandani nikisikiliza. Fimbo haikugonga. Milima ikaanza kuonekana, kisha jua likatoka kabisa, na baraza bado ilikuwa tupu. Niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Alikuwa macho, amevaa, amekaa kitandani, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama kama mtu anayesubiri aelekezwe. "Leo nina kazi gani, mwanangu?"