Aliyeambiwa Aende Nyuma

Mpaka leo mtu akinisifu kwa kumimina kahawa, damu hunichemka. Watoto wa ndugu yangu wanalijua hilo, na wakitaka kunichokoza huniambia, "Shangazi, hapa Ibra hakuna anayemimina kama wewe," kisha hukimbilia uani wakicheka. Asili ya hasira hiyo hawaijui. Wacha niieleze leo, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilifika Ibra, mji wa ndani katika nchi ya Maskati, miaka ya sabini, mjane, nikakaa kwa ndugu yangu. Nilikuwa na cherehani, sanduku la nguo na Kiarabu cha sala na cha sokoni, basi. Unguja tulikozaliwa tuliitwa Waarabu. Huku tukaitwa Wazanzibari. Na kulikuwa na jambo jingine zaidi. Siku ile ndugu yangu alipotaja kabila letu mbele ya wazee wa mtaa, mmoja wao alimuuliza, "Mnatokana nao, au mlikuwa kwao?" Ndugu yangu alirudi nyumbani uso umemshuka. Ukweli ni kwamba tulikuwa kwao. Mzee wetu wa zamani alivushwa bahari akiwa mtumwa wa nyumba moja ya hapahapa Ibra, akaachwa huru Unguja, na sisi tukabaki na jina la mabwana zake. Kule watu walijua lakini waliona haya kulisema. Huku waliuliza bila hata kushusha sauti.

Nyumba hiyo ya mabwana ndiyo ya kina shoga yangu.

Mimi na yeye tulikulia kichochoro kimoja, tukasoma Kurani chuo kimoja, tukala sinia moja. Mama yake akinisuka mimi kwanza, yeye akinuna. Mapinduzi yalipotutawanya, yeye alikwenda Nairobi, akaolewa, akamfuata mumewe Marekani alikokuwa akisoma, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, naye akaingia chuo kikuu akasoma historia ya watu wale. Alipoletwa Ibra kufundisha skuli ya wasichana, nilimkimbilia barabarani na buibui linaburuzika. Tulilia sote wawili. Alinishika mashavu akasema, "Mwenzangu, sasa sina hofu ya mji huu." Nilimwamini, na sioni kwa nini nisingemwamini.

Ikawa kila alasiri tunakusanyika ukumbini kwake, wanawake kama saba hivi, wote wa kutoka Unguja na bara, tunashona kofia. Kofia ya mkono haitaki haraka. Unaichora, unaitia vitundu kwa sindano nene, kisha kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kinang'ara, na vitundu vyenyewe havihesabiki. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha wengine, maana nilifunzwa na mama na mama alifunzwa na mamaake. Ndani ya kofia tulikuwa tunatia merikani, kile kitambaa kigumu cheupe kisichopaushwa.

Siku moja shoga yangu alikishika kile kitambaa akatuuliza, "Mnajua kwa nini kinaitwa merikani?"

"Si kwa sababu kilitoka Marekani?" akajibu mmoja.

"Na kilifumwa na nani huko?"

Basi akaanza. Akatuhadithia wasichana wa mashamba walioacha ng'ombe na mama zao wakaingia viwandani, wakiamshwa kwa kengele alfajiri, wakilala wengi chumba kimoja, mapafu yamejaa vumbi la pamba. Na wasichana hao, alisema, waliweka vitambaa chini wakatoka nje kudai saa za kazi zipunguzwe. Mwenzetu mmoja aliyekulia Tabora akashangaa, "Wanawake? Wakatoka mbele za wanaume?" Shoga yangu akasema ndiyo, na wakatukanwa, na wakarudi kazini, na baadaye wakatoka tena.

Tangu siku hiyo hatukutaka kitu kingine. Tulikuwa tunafika mapema ili tusipitwe. Alituhadithia watoto wadogo wanaochambua makaa ya mawe mpaka vidole vinatoka damu, na mtu aliyezunguka na kamera akiwapiga picha ili mabwana wakubwa waone haya. Alituhadithia washonaji wa mashati kwenye ghorofa refu la mjini, mlango umefungwa kwa ufunguo wasitoke kabla ya wakati, na moto ukashika. Tulitupa sindano. Mmoja akajifunika kanga usoni, "Basi, bibi, basi, moyo wangu!" Naye hakuacha mpaka akatufikisha kwenye sheria zilizotungwa baada ya wale wasichana kuzikwa. "Hakuna aliyewapa," akatuambia. "Walichukua wenyewe."

Lakini hadithi iliyonikaa mimi ni ya maandamano. Wanawake walitaka kura, wakaandamana katika mji mkuu, wamevaa nyeupe, wengine juu ya farasi. Wanawake weusi nao wakaja, maana na wao walikuwa ndani ya mapambano yaleyale. Wakubwa wa maandamano wakawaambia: nyinyi nendeni nyuma kabisa, msituharibie, wenzetu wazungu wa kusini watachukia. Wako waliokubali. Mmoja alikataa. Akajichanganya na watazamaji pembeni, na kundi la jimbo lake lilipopita, akaingia katikati ya mstari akatembea nao.

Shoga yangu alipofika hapo aliweka sindano chini. Wallahi niliyaona machozi. Akasema, "Wale waliomwambia aende nyuma ndio walionikera kuliko mabwana wa viwanda. Mabwana hawakujifanya marafiki." Mimi nilimpenda zaidi siku ile. Niliona ameisema kwa ajili yangu.

Baada ya hapo akaja na fikra yake. Tufungue darasa la wanawake hapo Ibra, kusoma asubuhi, kushona alasiri. Nchi ilikuwa inajengwa, skuli zinafunguliwa, na watu wa wizara wanasikiliza. Angewaalika mabibi kutoka Maskati waje kuona kazi yetu, na wakiridhika watatoa mahali na mwalimu wa kulipwa. "Na mwalimu wa kushona ni wewe," akaniambia mbele ya wote. "Nani mwingine?"

Sijui kama mtu ambaye hajakaa ujane kwenye nyumba ya ndugu yake anaweza kuelewa neno hilo lilinifanya nini. Wifi yangu alikuwa mwema, sisemi, lakini kila kijiko nilichoshika kilikuwa chake. Kuitwa mwalimu! Kutoka asubuhi na mkoba wangu, watu wakaniamkia njiani! Nilishona kofia tatu za kuonyesha, moja ya vitundu vidogo hivyo ambavyo macho yangu sasa hayaviwezi tena. Nikalipiga pasi buibui langu jipya. Ndugu yangu akanitania, "Mwalimu, chai iko tayari?"

Siku ya wageni shoga yangu alinivuta pembeni akaniambia, "Nakuomba umimine kahawa wewe. Hakuna anayemimina kama wewe."

Nilifurahi mie, jamani. Kwetu Unguja mgeni wa heshima hapewi kahawa na mtu yeyote tu, humiminiwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, na kukabidhiwa dele, birika lile la kahawa, ni kukabidhiwa nyumba. Niliona ananitanguliza. Huku, kwenye nyumba za wakubwa, mambo ni mengine. Anayemimina husimama, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, hakai mpaka mgeni wa mwisho atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Na akiwa mtu mzima mwenye sura kama yangu, hakuna anayeuliza ni nani, huchukuliwa kuwa mtumishi wa nyumba. Mimi sikuyajua hayo. Yeye aliyajua ya kule na ya huku.

Basi wakaja, mabibi wanne, wamechoka na safari ya kutoka Maskati kupitia Bidbid, wananukia udi. Wakaketi. Wenzangu wakaketi. Binti wa dada yake shoga yangu, msichana aliyemaliza skuli juzi, akaketishwa karibu na mgeni mkubwa. Mimi nimesimama. Nilimimina, nikazunguka, nikamimina tena. Kofia zangu zikapita mkono kwa mkono. Mgeni mkubwa akaipenda ile ya vitundu vidogo, akaigeuza ndani na nje, akauliza kwa Kiarabu ni nani fundi wake.

Kiarabu hicho nilikielewa. Nikatabasamu, nikangoja kutajwa.

Shoga yangu akasema, "Sisi sote, lakini mwalimu wetu ni huyu," akamgusa bega yule binti.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mgeni akainua macho akaniona nimesimama pale na dele, akauliza, "Na huyu?"

"Huyu mtu wetu wa nyumbani, tangu kwa babu. Anatusaidia."

Lo! Niliweka dele chini, palepale juu ya mkeka, nikakaa katikati ya wageni. Nikashika ile kofia. Nilikuwa na maneno mengi, Mungu anajua, lakini yote yalikuwa ya Kiswahili. Kiarabu kilichonitoka ni "Yangu, yangu," huku nikijipiga kifua. Wageni wakamtazama shoga yangu awafasirie. Akacheka kidogo, akawaambia nimeipenda kofia na naomba nipewe. Mgeni mkubwa akanitazama kwa huruma, akaniachia kofia mkononi, akasema nipewe, maskini.

Wenzangu ukumbini walielewa kila neno. Yule wa Tabora, aliyewahi kushangaa wanawake kutoka mbele za wanaume, aliinama akawa anatafuta sindano ambayo haikupotea.

Shoga yangu akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, bado anatabasamu, "Usiniaibishe. Wangejua mwalimu ni mtu wa asili yako wasingetupa kitu. Tukishapata, nawe utapata."

Darasa walilipata. Binti akawa mwalimu, na baada ya wiki chache ikaonekana kwamba vitundu haviwezi. Ndipo shoga yangu akaja naye nyumbani kwa ndugu yangu. Binti akaniamkia shikamoo kwa adabu, nikamwitikia, yeye hakuwa na kosa nami. Shoga yangu alileta jora zima la merikani, akaliweka mbele yangu, akasema, "Mfundishe, kwa ajili yangu. Sisi si watu wa mbali."

Nikamuuliza, "Yule aliyeambiwa aende nyuma, waliomwambia walikuwa nani?"

Alijua ninakokwenda. "Wenzake," akasema.

"Ulilia ulipotuhadithia."

"Nililia."

"Basi chukua kitambaa chako."

Hakuondoka mara moja. Alikaa pale mkekani, mikono mapajani, kama mgeni anavyokaa akingoja. Kahawa ilikuwa tayari jikoni, wifi yangu ameipika na iliki, harufu imejaa nyumba nzima, na mimi na yeye sote tuliisikia. Wifi akachungulia mlangoni akaniuliza, "Nilete dele?"

Nikamwambia hapana.