Ubeti Usioimbwa Ndani

Ukitaka kumjua mtu aliyekulia Karagwe, usimwombe kitambulisho. Anza tu kuimba kwa Kinyambo wimbo wa "Weka jembe chini, mwanangu," halafu nyamaza. Atakumalizia. Akiwa mchunga ng'ombe kutoka Kyerwa atakumalizia kwa mluzi. Akiwa mlokole ataimba huku akitazama pembeni. Akiwa mkulima wa Rugu ataimba beti tatu nzima, kisha atafumba mdomo kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Ubeti wa nne hataugusa. Huo hauimbwi mpaka bibi harusi awe amevuka irembo, yaani lile lango la ua linalotazama njia, na wanaouimba husimama nje wakiwa wameipa nyumba mgongo. Kuuimba ndani, siku isiyo na harusi, ni kukaribisha utengano na kuuwekea kiti.

Sasa, wimbo wa namna hiyo, unaojulikana mpaka na watoto wanaonyonya, ungedhani umekwisha kutamba redioni. Wapi! Redio moja ya Kayanga ina kipindi cha Kumi Bora kila Jumapili alasiri, na wasikilizaji hupiga kura kwa ujumbe wa simu. Kwenye hiyo Kumi Bora zimepita nyimbo ambazo mtu ukiziimba harusini utanyang'anywa kipaza sauti. Lakini "Weka jembe chini" haujawahi kushika hata nafasi ya kumi. Na kuna mwanamke mmoja wa Rugu aliyekosa raha kabisa kwa ajili ya jambo hilo, wala si kwa kupenda sifa.

Jina lake Avelina. Ni mjane, ana kibanja cha migomba na kahawa, na kwenye kwaya ya kigango amepangwa sauti ya pili kwa kuwa ile ya kwanza siku hizi inamkimbia. Wimbo ni wake. Aliutunga akiwa msichana, akipalilia maharage chini ya migomba, mdogo wake Mackrine alipokuwa anakaribia kuolewa. Watu wa rika lake wanalijua hilo, ingawa hawalitilii maanani, kama vile mtu asivyojali ni nani aliyeuchimba mtaro wa maji.

Na mwiko je? Hapa ndipo pa kucheka, kama mtu ana moyo wa kucheka. Siku ya kumuaga Mackrine, Avelina aliimba beti tatu vizuri, na kilio kikamkaba. Akanyamaza. Watu wakasubiri. Bibi harusi akatoka, akavuka irembo, na dada mtu ndipo akapata pumzi ya kuimba ule wa nne, akiwa nje, ameipa nyumba mgongo asionekane na baba yao akilia. Basi. Mama mmoja akafanya hivyohivyo kwa binti yake, na mwingine akafuata, na kabla Avelina hajapata mtoto wake mwenyewe tayari kulikuwa na wazee walioapa kwamba mwiko huo waliukuta kwa babu zao.

Mtoto huyo alikuwa Ainembabazi, na yeye ndiye aliyekuwa mzizi wa wasiwasi wote. Ainembabazi alimpenda Kakuru, kijana wa familia ya wafugaji kule Kyerwa, mbele ya Kibingo, ambako migomba inakwisha na nyasi zinaanza. Marehemu Alistides, mume wa Avelina, hakutaka kusikia. Alisema binti yake hakulelewa kwa ndizi ili akafie kwenye maziwa. Asubuhi moja, Alistides akiwa amepeleka kahawa kupimwa, Ainembabazi alitoka na mfuko wake, akapanda bodaboda, akaenda. Avelina alikuwa kwenye migomba, na kisu cha kukatia majani mkononi. Alimwona. Macho yao yalikutana pale irembo. Mwanamke ambaye wimbo wake umewasindikiza mabinti wa wilaya mbili alisimama kama kisiki, kwa kumwogopa mumewe, na bodaboda ikaondoka.

Binti asiyesindikizwa haingii tena kwao, hata kama mgeni. Hata siku ya kumzika baba yake, Ainembabazi alisimama na watu wa mbali, nje ya ua, akalia akamaliza, akarudi Kyerwa bila kukanyaga kizingiti. Na mama naye hawezi kutia mguu nyumbani kwa mkwe ambaye hajawahi kupokewa kwake. Zilibaki simu, nazo zilikuwa fupi. "Hamjambo?" "Hatujambo, mama. Shikamoo." "Marahaba. Utakuja lini?" Hapo mtandao ulikuwa unaharibika bila kukosa.

Siku moja Avelina alijikaza, akaanza kuuimba kwenye simu. Alifika ubeti wa tatu, na kabla hajavuta pumzi ya wa nne akasikia, "Mama, niko ndani," na simu ikakatwa.

Hakukasirika. Angekasirikaje, na ndivyo alivyomlea mwenyewe? Lakini tangu siku hiyo usingizi wake ulikuwa wa sungura. Ubeti wa nne ndio uliokuwa na neno alilotaka limfikie mwanawe. Beti tatu za mwanzo zinasema nenda. Wa nne peke yake ndio unaosema: mlango sikuufunga, nimeurudishia tu.

Ndipo Ildefonsi, mwalimu wa kwaya, mtu wa haraka asiyejua kunong'ona, alipokuja na habari kwamba kwaya itarekodi Kayanga, na kwamba angependa "Weka jembe chini" uwemo, Avelina mwenyewe aongoze. Alitegemea kubembeleza. Avelina alikubali kabla hajamaliza sentensi.

"Mpaka ubeti wa nne?" Ildefonsi aliuliza, sauti imepungua kwa mara ya kwanza.

"Hasa ubeti wa nne," Avelina akasema.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kule mbugani redio haikai ndani. Inatundikwa juu ya mti, ng'ombe wakinywa maji; wanawake wanaosha vibuyu vya maziwa uani na kuvifukiza moshi, redio ikiimba pembeni. Wimbo ukipigwa mara moja, Ainembabazi anaweza kuwa ndani, au sokoni, au betri zimekwisha. Ukiingia Kumi Bora utapigwa kila Jumapili, tena na tena, na Jumapili moja, kwa rehema ya Mungu, utamkuta yuko nje. Nje hakuna mwiko. Atausikia mpaka mwisho.

Walirekodi, ubeti wa nne akiuimba Avelina peke yake. Wimbo ukapelekwa redioni, ukatangazwa kuwa mpya, jambo lililowachekesha wengi, na Jumapili ya kwanza Avelina akaenda kuusikiliza kwa jirani yake Benadeta, maana redio yake ilikuwa inakoroma kuliko kuongea. Walikaa sebuleni wakitafuna punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa. Sauti ya Avelina ikatoka. Ubeti wa kwanza ukapita, Benadeta akiufuatisha. Wa pili. Wa tatu, Benadeta akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu akanyoosha mkono, taratibu kabisa, akazima redio.

"Benadeta, mbona umezima?"

"Waitu, mwenzangu Avelina, nina mabinti wawili humu ndani. Unataka nibaki na nani?"

"Lakini mimi ndiye niliyeutunga."

"Ninajua uliutunga," Benadeta akasema kwa upole. "Mwiko hukuutunga wewe."

Avelina alitoka akasimama njiani. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Dakika moja iliyopita wimbo ulikuwa unatoka kila dirisha. Sasa hakuna nyumba iliyokuwa na sauti. Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia baridi: watu hawa wanaupenda mno wimbo wake kiasi kwamba hawatauomba kamwe. Nani atatuma ujumbe kuomba mwanawe aondoke?

Na ndivyo ilivyokuwa. Jovin, mtangazaji wa kipindi, alishangaa hewani. Alisema amepita sokoni Kayanga na kila muuza ndizi alikuwa anauimba, mpaka yeye mwenyewe ameamka nao mdomoni, sasa kura ziko wapi? Kura zilikuwa za Ildefonsi, karibu zote, na zilikataliwa kwa kuwa zilitoka kwenye simu moja.

Wimbo usiopata kura hubakizwa Jumapili chache tu, kisha huondolewa. Avelina alianza kuhesabia kila jambo kama dalili. Kuku akipiga mbawa mlangoni, moyo unaruka. Simu ikikaa kimya, anaona Ainembabazi mgonjwa. Ikilia, anaona amekufa. Alianika kahawa akasahau kuianua, mvua ikainyeshea. Mwisho akavaa gauni la Jumapili siku ya Alhamisi, akapanda gari la Kayanga.

Pale redioni walimpa kiti na maji. Jovin alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akamwuliza anataka nini. "Nataka kuwaambia watu ukweli," Avelina akasema. Akawekewa kipaza sauti mbele. Akaeleza yote: maharage, Mackrine, kilio kilivyomkaba. "Hakukuwa na mwiko," akasema. "Nilikuwa nalia tu. Naombeni msizime."

Simu zikaanza kuingia. Mzee mmoja, aliyejitambulisha kuwa Leonidas, alimwamkia kwa heshima zote, akasema mama huyu ni mwongo, kwa sababu wimbo huo ulimsindikiza bibi yake. Mwanamke mwingine alisema wanakwaya siku hizi watafanya lolote wapate kura. Wa tatu hakuwa na ukali. "Mama, ninakuamini," alisema. "Lakini mimi wanangu wote walitoka kwa mwiko huo na wote wako salama. Nikiuvunja leo, na baya likatokea, utanijibu nini?"

Avelina alisukuma kipaza sauti, akaaga. Swali hilo ndilo lililomvunja nguvu kuliko kuitwa mwongo. Alirudi Rugu akitazama nje ya dirisha bila kuona kitu, na Jumapili iliyofuata wimbo ulitolewa kwenye orodha ya nyimbo za kupigiwa kura. Nafasi ya kumi ilikwenda kwa kijana anayetaja jina lake mwenyewe katika kila mstari.

Baada ya hapo hakuwa na la kungoja, na bado alingoja. Wasiwasi hauhitaji sababu ukishazoea njia ya nyumbani. Alikuwa anatandaza nyasi kavu kwenye migomba, asubuhi yenye ukungu, aliposikia bodaboda inasimama. Hakuinua kichwa. Bodaboda zilikuwa zimemdanganya mara nyingi. Ilipoondoka ndipo alipotazama.

Ainembabazi alikuwa amesimama katikati ya irembo, mtoto mgongoni, kibuyu cha maziwa mkononi. Alikuwa amekonda, au amekomaa. Mama hakuweza kutofautisha. Avelina aliacha nyasi zikaanguka, akamwendea mbio, mikono mbele.

"Usinishike, mama," binti akasema. "Sijaingia bado."

Avelina akasimama pale alipokuwa.

"Nilikusikia redioni. Wimbo nao niliusikia, ile Jumapili ya kwanza," Ainembabazi akasema. "Nilikuwa nje, ninafukiza vibuyu. Ningeweza kuusikiliza mpaka mwisho. Nilizima."

"Ulizima?" Sauti ya Avelina ilikuwa ndogo. "Na ulikuwa nje?"

"Huo ulikuwa wa watu wote. Sikutaka kuuiba wangu redioni." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Huyu ni msichana, mama. Siku moja nitamsindikiza. Nitamwimbia nini, ikiwa mimi mwenyewe sikuimbiwa? Nisindikize kwanza."

Avelina akaipa nyumba mgongo, akaanza. Benadeta alitokeza kwenye migomba yake na jembe, akaliweka chini. Beti tatu zilitoka, si kwa uzuri. Sauti ya kwanza ilikuwa imekwenda zake zamani. Baada ya wa tatu, Ainembabazi akageuka, akavuka irembo na kushika njia, kama mabinti wote wanavyofanya.

Na palepale kilio kikamkaba Avelina kama siku ya Mackrine. Aliutazama mgongo wa mwanawe ukienda, na yule mtoto mdogo akimtazama kwa nyuma, na hofu yote ya miaka ikamrudia. Akiumaliza, mwanawe atakuwa amekwenda kihalali, na anayekwenda kihalali anaweza asirudi. Asipoumaliza, hatakwenda wala hatarudi, atabaki njiani maisha yake yote. Ainembabazi hakugeuka. Alikuwa amepunguza mwendo, anasubiri.

Avelina akauimba. Mlango sikuufunga, mwanangu, nimeurudishia tu. Neno la mwisho lilitoka kwa pumzi tupu, Benadeta akamsaidia.

Ainembabazi alitembea mpaka kwenye mti wa mpaka wa kibanja, akasimama, akavuta kanga ya mtoto ikakaza. Kisha akageuka, akarudi kwa mwendo wa mgeni asiye na haraka mpaka irembo, akainama kidogo, kibuyu kwenye mikono miwili.

"Hodi," akasema.