Neno Moja la Mpaka Rangi

Mafundi wenzake walimpachika jina la Redio, naye hakulikataa. Akiwa juu ya jukwaa na brashi mkononi, maneno yalimtoka kama maji ya bomba bovu, mpaka waliokuwa chini wakaangusha makarai kwa kucheka. Mkewe alimwambia mara nyingi, "Baba, pumzisha ulimi, utachakaa."

Siku alipoanguka kutoka ghorofa ya pili, kichwa kilipasuka upande wa kushoto. Siku kumi na nane hakufumbua macho. Ya kumi na tisa, mkewe akimpangusa uso, akayafumbua, akatazama nyuma ya bega la mkewe, akasema wazi kabisa:

"Wamefika."

Mke akageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Kina nani, baba?"

"Wamefika," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Likabaki hilo hilo, hata aliporudishwa nyumbani. Alisalimia kwa hilo, akagomba kwa hilo, akalisema akinyooshea kidole kijiko, dirisha, ukuta mtupu. Majirani waliokuja kutoa pole wakaanza kukaa migongo ikiwa ukutani, kisha wakaacha kuja.

"Wifi," dada wa mume alinong'ona, "kaka anaona watu tusiowaona."

Mke akamkemea, lakini naye alishaanza kufunga mlango wa chumbani mchana kweupe.

Hospitalini, mama anayefundisha usemi alimtaka mgonjwa ahesabu. "Moja, mbili..." Mgonjwa akaendelea mwenyewe mpaka kumi, bila kukwama. Akaonyeshwa kikombe akitaje. Jasho likamtiririka. "Wamefika," akasema, machozi yakamlengalenga.

"Hajarukwa na akili," yule mama akamwambia mke. "Hesabu hutoka kwa mazoea tu, lakini maneno mengine pia yamo. Njia yao ndiyo imebomoka, na hilo moja limepata upenyo. Msikilize sauti inavyopanda na kushuka, utamwelewa."

Mwezi wa nne tangu aanguke, alikuja fundi mwenzake, aliyekuwa chini ya jukwaa siku ile.

"Shemeji, hilo neno nalijua. Wenye jengo walikuwa wanaingia getini. Akainama kutuonya tuache mchezo, akapaza sauti, 'Wamefika!' Ubao ukateleza. Alianguka nalo mdomoni."

Mke akamgeukia mumewe. Basi miezi yote hiyo mumewe alikuwa bado yuko kule juu, ameinama.

Tangu hapo hakumwonea hofu, alimwonea uchungu. Wakafanya mazoezi kila asubuhi: picha, nyimbo, majina ya vyombo. Hola, hakuna neno jipya lililotoka.

Mpaka asubuhi moja, akimnyoa ndevu mbele ya kioo, mume akamshika mkono, wembe ukasimama hewani. Akakikazia kioo macho. Midomo ikahangaika, ikapinda, kisha likatoka neno jipya, la kwanza:

"Nani?"

"Wewe, baba. Ni wewe."

Akatikisa kichwa taratibu kukataa, huku akiitabasamia ile sura ya kioo kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Nani?"

Mke akafurahi mpaka akalia. Kisha akaendelea kumnyoa, bila kukitazama kioo.