Kamera ya Merania na Macho ya Flo

Katika bonde letu la Mangatea hakuna aliyewahi kumwona Merania Horomona akijiuliza jambo mara mbili. Sigara aliacha akiwa kwenye foleni ya posta, akampa pakiti nzima mtu aliyekuwa nyuma yake. Posa ya mumewe aliikubali kabla hajajua jina lake la pili. Tangu usichana wake alichambua sufu kwenye mabanda ya kukatia manyoya ya kondoo, na mgongo ulipomwambia basi, aliacha siku hiyohiyo, akaanza kuendesha basi la shule na kununua kamera. Watu walicheka sana. Mere na kamera! Mikono ile ya kubeba marobota ya sufu! Leo hakuna harusi wala mazishi Mangatea ambayo Shangazi Mere hasimami juu ya kiti, akiwaamuru watu wazima wafunge midomo na wasogee karibu.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kwamba mwanamke huyo alikuwa amekwama majira yote ya joto mbele ya swali la kamera yake mwenyewe. Kila alipoiwasha ilimwambia kuna programu mpya, je, aisasishe? Na kila mara alibonyeza "baadaye", akaendelea na shughuli zake kama mtu aliyepishana na mdai njiani.

Sababu alikuwa nayo. Programu hiyo ingeifundisha kamera kuyatambua macho ya wanyama, kwani mpaka wakati huo ilitambua uso wa binadamu tu. Lakini lenzi yake ndefu, ile pekee inayofika ng'ambo ya kilima, ilikuwa ya kampuni nyingine, na waliotengeneza kamera waliandika waziwazi kwamba lenzi za wengine huenda zisifanye kazi tena. Na ukishasasisha huwezi kurudi nyuma. Kamera ingejua macho ya wanyama, halafu isiwe na lenzi ya kuwafikia.

Mambo yangeishia hapo kama asingekuwa amemwahidi mzee Archie Dunlop.

Archie alikuwa na Flo, mbwa jike mweusi mwenye sauti ya kutikisa mabati. Flo ni mmoja wa wale mbwa wa kubweka: haleti kondoo kwa bwana wake, anawasukuma juu ya kilima kwa makelele, na bwana anabaki chini akimwelekeza kwa miluzi. Kila mwaka mwezi wa Machi wenye mbwa wote hukutana kilimani kwetu kushindana, na Archie alikuwa na ombi moja tu.

"Tangu Flo ameanza kazi sijawahi kuuona uso wake akiwa kazini," alimwambia Merania mbele ya kilabu kizima cha wenye mbwa. "Naona mkia tu. Matako ya Flo nayajua kuliko ya marehemu mke wangu, Mungu anisamehe. Nipigie uso, Mere. Picha moja tu."

"Umepata," Merania alijibu, kama anayeuza skonzi.

Mwaka wa kwanza alimpa picha ya doa jeusi lenye masikio. Mwaka wa pili kamera ilimruka Flo kabisa, ikakamata nyasi za nyuma yake, kila unyasi na umande wake. Na huu ndio ulikuwa mwaka wa mwisho. Magoti ya Archie yalikuwa yamekataa kilima, kondoo wake alishawauza, na Jumatatu baada ya mashindano mpwa wake Graeme angekuja kutoka kisiwa cha kusini, ng'ambo ya bahari, kumchukua Flo. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Kwetu mbwa wa kazi ana banda lake na mnyororo wake nje, haingii ndani hata siku ya theluji, na bwana asipokuwa na kazi, mbwa huenda kwa mwenye kazi.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, Merania alikaa mezani jikoni akiitazama kamera. Wifi yake Pare, anayesimamia meza ya chai ya kilabu na kwa hiyo alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, alimtazama akiitazama.

"Wifi, usikiguse hicho kitu. Mashindano ni kesho. Mimi simu yangu niliisasisha Krismasi, mpaka leo inaniongelesha Kifaransa."

"Simu yako uliisasisha umelewa."

"Hata kama! Archie mwenyewe anasemaje? Mbwa hafundishwi jambo jipya wiki ya mashindano. Ni sheria. Na kamera ni vilevile."

Hapo Pare alikuwa amempata. Sheria hiyo ya Archie inafuatwa na bonde zima, na aliyeivunja huchekwa mpaka mwaka unaofuata. Merania akachukua funguo za gari. Aliamua aende kwa mzee amwambie uso kwa uso kwamba atatumia kamera kama ilivyo, na matokeo yakiwa nyasi, basi ni nyasi.

Alimkuta Archie amesimama uwanjani nyuma ya nyumba, mashavu yamejaa hewa, akitoa sauti ya birika linalochemka. Flo alikuwa kwenye ua, kichwa amekiinamisha upande.

"Unafanya nini, mzee?"

Archie akageuka, akatabasamu. Merania akarudi hatua nyuma. Meno! Safu nzima, meupe kama vigae vya bafuni. Kumbe Jumatatu ya wiki hiyo daktari wa meno mjini alikuwa amemng'oa yaliyobaki ya mbele na kumpa ya bandia, na ule mluzi wake uliokuwa unasikika bonde la pili ulikuwa umeondoka na yale ya zamani.

"Namfundisha mluzi mpya," alisema, maneno yakiteleza kidogo.

"Wiki ya mashindano?"

"Ndiyo, wiki ya mashindano."

"Na ile sheria yako?"

"Ile sheria ni ya watu wenye meno, Mere."

Merania akacheka mpaka akashika uzio. Kisha akauliza kama Flo ameelewa.

"Mwanzoni alinitazama kama mlevi. Baadaye akaenda. Nifanyeje? Ule wa zamani hautoki tena. Nikiung'ang'ania, kesho nitasimama pale nikipuliza hewa." Akayasukuma meno kwa kidole gumba. "Na wewe mbona umekuja na sura ya polisi?"

Akamwambia yote, lenzi na kutorudi nyuma. Archie alisikiliza, halafu akasema, "Picha ya mwaka jana, unajua nimeitundika wapi?"

"Wapi?"

"Msalani. Ni nyasi nzuri, naziangalia kila asubuhi. Lakini zimetosha. Ukikosa, kosa kabisa. Usinipe nyasi nyingine."

Akirudi nyumbani, Merania alifikia uamuzi kabla ya geti la pili la shamba, na alipoufikia alijitukana kwa sauti ndani ya gari. Wiki zote hizo alikuwa anailinda nini? Kamera iliyomwaibisha mara mbili! Alikuwa ameikumbatia kwa sababu tu makosa yake ameyazoea. Kama ingemwangusha mara ya tatu, angalau imwangushe kwa kosa jipya.

Nyumbani alijaza betri, akaweka kadi yenye ile programu, akabonyeza "ndiyo". Kioo kikawa cheusi. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa. Pare alisimama na kijiko hewani mpaka mstari ulipofika mwisho na kamera ikajizima, ikajiwasha yenyewe. Merania akaipachika lenzi ndefu.

Kimya. Picha yote ukungu. Lenzi haikutikisika.

Pare akafungua mdomo.

"Usiseme neno, Pare."

Aliitoa lenzi, akavifuta vishikizo vyake vya shaba kwa pindo la shati, akairudisha. Kimya tena. Alishachagua, hakuwa na haja ya kuchagua tena. Akazima, akatoa betri, akahesabu pumzi kadhaa, akairudisha. Lenzi ikanguruma kama mtu mvivu anayeamshwa, ikasogea. Akatoka nje mbio, akaielekeza kwa kuku. Kwenye kioo, kisanduku cha njano kikatua juu ya jicho la kuku, na kuku alipogeuza kichwa, kisanduku kikamfuata.

"Kumbe!" alisema Pare akichungulia begani.

"Kumbe nini?"

"Kumbe kuku ana jicho la chuki hivi."

Jumamosi kilima kilikuwa kikavu na hewa safi. Merania alikaa nyuma ya uzio, katikati ya mteremko, mahali pekee kilabu kinapomruhusu. Mpango wake ulikuwa rahisi: Flo akiwa bado chini yake atakuwa anapanda kuelekea kwake, uso mbele. Hapo ndipo atamkamata. Alikuwa na hakika, na alikuwa na skonzi mfukoni.

Zamu ya Archie ikafika. Kondoo watatu wakafunguliwa, mluzi wa birika ukasikika, watu kwenye meza ya chai wakacheka, na Flo akaondoka akibweka. Merania akabonyeza. Kisanduku cha njano kikatua kwenye jicho la kondoo.

Akasogeza. Kondoo wa pili. Akasogeza tena. Kondoo wa tatu, tena huyu anatafuna.

"Mjinga wewe!" aliiambia kamera, ingawa mjinga alijua ni nani. Alikuwa ameifundisha macho ya wanyama, na kondoo ni mnyama, na kondoo ndio walio mbele. Wakampita hivyo, kondoo kwanza, Flo nyuma yao, wakaendelea juu. Sasa alichokuwa anakiona ni mikia minne. Akaishusha kamera.

Mluzi ukalia kutoka chini, kisha ukakatika katikati. Kicheko kikalipuka. Merania akatazama: Archie alikuwa ameinama ndani ya duara lililochorwa chini, ambalo bwana wa mbwa haruhusiwi kutoka, mikono yote miwili kwenye nyasi, anapapasa. Meno yalikuwa yamemtoka mdomoni pamoja na mluzi.

Juu ya kilima Flo alinyamaza. Mbwa akiwa kazini hatazami nyuma, akitazama anakatwa pointi, na Flo hakuwa ametazama nyuma maisha yake yote. Sasa sauti ya bwana wake ilikuwa imekatika, akageuka. Akageuza kichwa chote, akamtafuta mzee kule chini.

Merania hakuwa na nafasi ya kuchagua chochote. Aliinua tu. Kondoo walikuwa wamempa migongo, na kilima kizima kilikuwa na macho mawili, ya Flo. Kisanduku cha njano kikaruka kikatua hapohapo, naye akabonyeza. Mara Flo akageuka tena, na bila mluzi, bila amri ya mtu, akawasukuma kondoo wake wote watatu kati ya bendera za juu, pale wanapotakiwa kufika, akibweka mpaka mwisho.

Archie hakupata nafasi yoyote ya ushindi. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na meza ya chai, meno mdomoni na unyasi mmoja katikati yake, akitaniwa na kila aliyepita, Merania alipomjia.

"Usiniambie ni nyasi," alisema mzee.

"Vaa miwani."

Akavaa. Akakishika kioo cha kamera karibu na pua, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

"Hii ni lini?"

"Ulipokuwa unatafuta meno."

"Anamtazama nani?"

"Unadhani ananitazama mimi?"

Archie akakisogeza kioo karibu zaidi. "Sikumwona," alisema.

"Najua. Ulikuwa umeinama."

Mwamuzi wa mashindano, Colin wa ng'ambo ya mto, alikuwa anapita na soseji yake ndani ya mkate, akachungulia. "Aa, ndiyo hiyo. Hapo ndipo nilipokukata pointi."

"Ulifanya sawa," alisema Archie bila kuinua macho. Akaomba kukaa na kamera kidogo, na Merania, asiyemwachia mtu yeyote kamera yake, akamwachia, akaenda kumsaidia Pare kuosha vikombe.

Jumatatu alipeleka picha yenyewe, kubwa, ndani ya fremu. Gari la Graeme lilikuwa limesimama uani. Banda la Flo lilikuwa wazi na mnyororo umelala chini, na Merania akajua amechelewa, wameshamfunga garini. Akaingia jikoni ili aiweke picha mezani na kuondoka.

Graeme alikuwa amesimama katikati ya jikoni, ameshika kofia.

"Mjomba, mbwa yuko ndani ya nyumba."

"Namwona."

"Huyu ni mbwa wa kazi."

"Kazi yenyewe iko wapi? Mimi sina, na yeye hana."

"Nimevuka bahari kuja kumchukua!"

"Basi kunywa chai kwanza, kabla hujavuka tena."

Flo alikuwa amelala kwenye zulia la marehemu mke wa mzee, karibu na jiko la kuni, makucha machafu, masikio yamelegea. Mzee aliinuka kuchukua birika. Flo hakuinua kichwa, lakini macho yake yalimfuata, kutoka kitini mpaka kwenye jiko, na kutoka kwenye jiko mpaka mezani. Na Archie, birika mkononi, akasimama akamtazama.