Tulipoligeuza Handaki Kuwa Njia

Siku yangu ya kwanza kazini nilienda na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeambiwa ni kazi ya kitalu cha miche, nami nikadhani kitalu ni mahali pa kusimama na kumwagilia tu. Kituo cha misitu kilikuwa juu ya Kianjokoma, pale mashamba ya majani chai yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza. Msimamizi wa kituo, mtu mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

“Kitalu kimejaa,” akasema. “Genge la njia za msituni linahitaji mtu, lakini huko hakuna mwanamke.”

“Sasa atakuwepo,” nikamjibu.

Hakucheka. Alinielekeza kwa nyapara, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimevua viatu, nashika panga. Nyapara yule alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua debe la maji, akalimwaga juu ya njia iliyokuwa imeharibika, akaniambia nitembee nyuma ya maji na nimweleze yanakoenda. Yalishuka katikati ya njia, yakachimba mfereji, yakabeba udongo hadi bondeni.

“Umeona?” akasema. “Binadamu hupita njia mara moja, maji hupita kila msimu. Ukitengeneza njia ukafikiria binadamu peke yake, mwaka ujao hakuna njia.”

Ndivyo nilivyofundishwa kingamaji, yaani mstari wa mawe au gogo linalolazwa mshazari kukatiza njia ili litupe maji kando. Nilifundishwa pia mkunjo, pale njia inapojipinda kulia na kushoto kupanda mlima badala ya kuukabili wima. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo mna vyombo vya kupima mwinuko. Sisi tulikuwa na kamba, vigingi na magoti yetu. Goti likianza kulalamika, tulijua mwinuko umezidi.

Nawaambia ukweli, sikuipenda kazi ile kwa sababu ya miti wala ndege. Niliipenda kwa sababu siwezi kukaa. Tangu utotoni mama alikuwa akisema, “Wanja, una siafu kwenye miguu?” Hata sasa ninapowasimulia haya nimeshasimama mara kadhaa kuchungulia nje bila sababu. Kazi ya njia ilinipa ruhusa ya kutotulia.

Kutoka Kianjokoma nilihamishiwa upande wa Meru, kwenye njia ndefu inayopanda hadi nyika za juu ambako ukungu hukuvaa kama blanketi lililoloa. Mhifadhi wa huko alipenda njia zilizonyooka. “Mgeni anataka kufika,” alikuwa akisema. Nilimwambia mgeni anataka pia kurudi. Tulibishana hivyo kwa miaka, kwa heshima, na baadhi ya mikunjo aliniachia na mingine akaninyima. Baadaye nikapelekwa kwenye vilima vikavu vya Ishiara, kwa Wambeere, ambako udongo ni changarawe na kivuli ni cha kugombania na mbuzi. Huko msimamizi wangu alikuwa mzee mpole aliyesali kabla ya kung'oa kila kisiki. Nilikaa kwa shida. Usiku wa joto nilikuwa nikihisi mlima unaniita nyumbani.

Kazi iliyonirudisha ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Mnajua kwamba wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alitaka kuwatenga wapiganaji waliokuwa msituni na watu wao waliowapelekea chakula. Akachora mpaka. Huku vijiji vilivyozungushiwa uzio, kule msitu, na katikati handaki refu, pana na lenye kina, chini yake mianzi iliyochongwa ikawa mikali kama mikuki. Halikuchimbwa na mashine. Lilichimbwa na wanawake na wasichana kwa jembe na karai, huku wakisimamiwa na homugadi, ndugu zetu waliopewa bunduki na serikali ile. Aliyekutwa upande wa msitu alihesabiwa adui. Mto na bonde havikuwa vimewahi kuwagawa watu namna ile. Hata mtu na ndugu yake waliishi nchi mbili.

Vita vikaisha, handaki likaanza kujaa. Watu walipanda nepia, majani ya ng'ombe, ndani yake, wengine mikaratusi, wengine wakalisawazisha na kuweka majani chai. Ndipo vikundi vya jamii vya Embu na vya Chuka, ng'ambo ya mto Thuci, vikaungana kutengeneza njia ya kutembelea inayofuata handaki lote, yenye vituo vya kumsimulia mgeni yaliyotokea. Mratibu wa mradi alikuwa msichana wa huku huku, msomi, msikivu sana. Alinitafuta hadi Ishiara.

“Auntie,” aliniambia, “wataalamu wa historia ninao. Sina mtu wa kunitengenezea njia isiyobebwa na mvua.”

Sikumwambia kwamba mama yangu alichimba handaki hilo. Sikumwambia kwa sababu hata mimi sikuijua habari hiyo vizuri. Mama alikuwa na kovu refu kwenye muundi, na ukimuuliza alikuwa akisema, “Ni jembe,” kisha anainuka kwenda kutazama ng'ombe.

Tulianza upande wa Embu tukielekea mtoni. Kazi ilikwenda. Tulifukua handaki pale lilipobaki wazi, tukaimarisha kingo zake kwa mawe, tukajenga madaraja madogo ya mbao ili mgeni aweze kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wenzetu wa Chuka walikuwa wakija kutoka kwao, tukikimbizana nani atafika mtoni kwanza. Tulibishana hata juu ya maandishi ya vibao, wao wakitaka Kimeru cha kwao, sisi Kiembu, mwishowe tukaandika vyote na Kiswahili juu.

Kisha tukafika shambani kwa Mzee Ireri, tukakuta amekata miiba na kuirundika njiani.

Shamba lake lilikuwa mahali ambapo kambi ya homugadi ilisimama. Hakukuwa na pa kupitia pengine: chini ni kinamasi, juu ni genge la mawe. Bila shamba lile, njia ya Embu na njia ya Chuka zisingekutana, na vijana tuliowafundisha kuongoza wageni wangekuwa na vipande viwili visivyo na maana. Nilimkuta Ireri akichuma majani, kikapu mgongoni. Hakuacha kuchuma.

“Wanja, sina ubaya na wewe,” alisema. “Lakini baba yangu alikuwa kwa hiyo kambi. Kila mtu anajua. Sasa mnataka mgeni asimame hapa kwangu aambiwe, hawa ndio wale. Binti yangu anafundisha hapo shuleni. Wajukuu wangu wanacheza na wengine. Mnataka nirudishe hiyo bunduki nyumbani?”

Nilirudi kwa mratibu nikamweleza. Tulikaa siku nyingi bila kazi, mvua ikikaribia, na mimi nikizunguka uwanja wa nyumba ya mama kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama, ambaye sasa alikuwa mzee wa kushikwa mkono, alinitazama mpaka akachoka.

“Mmekwama wapi?”

“Kwa Ireri.”

Akauliza, “Mama yake bado yuko hai?”

“Cucu Marigu? Yuko. Haoni vizuri, lakini yuko.”

“Nipeleke.”

Nilidhani sikusikia. Nyumba ya bibi huyo, ambaye sote tulimwita Cucu, ilikuwa ng'ambo ya bonde moja tu, na maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwona mama akikanyaga huko, hata kwa harusi, hata kwa harambee. Kanisani waliketi pande mbili. Asubuhi iliyofuata nilimkodia pikipiki, mimi nikaketi nyuma nikimshikilia, tukaenda.

Cucu Marigu alikuwa ameketi kwenye jua mlangoni, shuka mabegani. Ireri alitoka, akatuona, akakosa la kufanya, akaleta viti. Wazee wale wawili walisalimiana kwa Kiembu cha zamani, salamu ndefu ya adabu, kana kwamba walionana juzi. Ireri akaleta chai. Hakuna aliyeigusa.

“Tulichimba pamoja,” mama alisema. “Wewe ukiwa mbele yangu kwenye mstari. Mimi nikijaza karai, wewe ukibeba.”

“Ni kweli, Igoki.”

“Kisha wakakutoa kwenye mstari, wakakupeleka kuwapikia. Ukala maharagwe ya kambi.”

“Nilikula.”

“Sisi tulikuwa tunakula majani ya maboga.”

“Nilikula, Igoki. Nilikuwa na mimba ya huyu.” Akainua kidole kuelekea alipodhani Ireri amesimama. Ireri alikuwa upande mwingine, ameshika nguzo ya nyumba.

Mama alisogea mbele kitini. Niliinuka nimshike, akanisukuma.

“Njue, ndugu yangu, alikuwa akishuka kuchukua chakula kwangu,” alisema. “Alijua mahali ambapo mianzi ilikuwa haijawekwa. Watu watatu walipajua: mimi, yeye na wewe. Siku aliyouawa walikuwa wakimngojea papo hapo. Alianguka kando, penye mianzi; mimi niliteremka handakini kumvuta, mwanzi ukanipasua mguu. Nani alisema?”

Nilisikia majani ya mgomba yakipapatika nyuma ya nyumba. Nilitaka kukimbia. Ndugu wa mama niliyemjua kwa jina tu, aliyesemekana “alipotea msituni,” alikuwa amefia kwenye handaki nililokuwa nikilitengenezea madaraja. Labda nilikuwa nimeshapapita.

“Sikusema mimi,” Cucu Marigu alijibu. “Namwapia Mungu aliyenipofusha. Walimwona wenyewe, wakafuata nyayo. Lakini niliwasikia wakipanga, nikiwa jikoni. Kulikuwa bado mchana. Ningeweza kuja kukuambia. Nikafikiria wataniona nikivuka uwanja.” Alitafuta pumzi. “Nikaendelea kupika.”

Mama hakulia. Aliinama akachukua fimbo yake.

“Miaka hii yote nilikuwa nakuombea mabaya kwa jambo ambalo hukufanya,” alisema. “Na hukuja kuniambia lile ulilofanya.”

“Niliogopa.”

“Najua. Mimi pia naogopa, na bado nimekuja.”

Aliniambia twende. Tulipofika langoni, Cucu Marigu aliita kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. “Ireri! Toa hiyo miiba! Mimi nimechimba huo mtaro kwa mikono yangu kabla wewe hujazaliwa. Utawazuia watu wasiuone?”

Ireri aliitoa jioni ile ile, peke yake, kwa mikono. Mratibu alipendekeza kibao cha kituo kile kiandike majina ya wanawake waliochimba, bila kutaja nani aliolewa na homugadi. Lilikuwa wazo zuri. Cucu Marigu alikubali. Mama alikataa.

“Jina langu lisikae karibu na lake,” alisema. “Nimemsikia. Hiyo si kusema nimemsamehe.”

Mratibu hakumsihi. Akaandika tu kwamba hapa walichimba wasichana wa kijiji kimoja, na kwamba wengine wao bado wako hai na hawajamaliza kuzungumza. Wageni wengi zaidi husimama kwenye kibao hicho kuliko vingine vyote.

Tulikutana na wenzetu wa Chuka mtoni Thuci kabla ya mvua kubwa. Siku ya kuzindua njia, wakuu walihutubia sana, nami nikatembea nyuma ya umati nikitazama kama kingamaji zangu zimekaa sawa. Muda mfupi baadaye nikastaafu. Walinipa saa ya ukutani, nami sipendi kuitazama.

Mnaniuliza kazi hii imenifundisha nini. Imenifundisha kwamba njia haiponyi kitu. Tulikuwa tukisema katika mikutano kwamba mpaka uliogawanya watu sasa utawaunganisha, na maneno hayo yalipigiwa makofi. Mimi nilijua kuna mtu chini ya miguu yetu. Njia humfikisha mtu mahali, basi. Atakachofanya akifika ni juu yake. Kwa hiyo itengenezeni vizuri, isimwangushe kabla ya kufika. Na msiwaharakishe wazee. Mimi nisiyejua kutulia ndiye ninayewaambia hivyo.

Cucu Marigu alifariki katika msimu wa kuchuma chai nyingi. Habari ilipofika, mama alikuwa kitandani na kifua. Nilimwambia polepole, nikitegemea atageukia ukuta. Aliomba leso yake ya Umoja wa Akina Mama na viatu.

“Pikipiki itapitia barabarani,” nikasema. “Ni mbali, mama, na una kifua.”

“Sitaki barabara. Kuna njia au hakuna?”

Tulikwenda kwa miguu, vijana wawili waongozaji wakimbeba kwa kiti sehemu kubwa ya safari, tukisimama kila alipokohoa. Kwenye daraja la mbao karibu na kwa Ireri aliomba kushushwa. Ng'ambo tulisikia wimbo wa waombolezaji. Alisimama akishika ukingo, akatazama chini ambako nepia ilikuwa imeota nene, kwa muda mrefu kiasi kwamba wale vijana walisogea kando wenyewe. Aliita jina la Njue mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Kisha akaniuliza, “Sasa tuko upande gani?”

“Siku hizi hakuna upande, mama,” nikasema. “Ni njia tu.”

“Upande uko,” alinijibu, akinyoosha mkono nimshike. “Lakini tuvuke.”