Mstari wa Mama Ulikuwa Kijani Hadi Mwisho

Mama yangu alianguka katikati ya mstari wa mahindi, pale kwenye kisiki. Mstari ule ule ukaja kuwa kijani hadi mwisho wa shamba.

Rudia kusoma hapo. Yeye aliishia katikati. Mbolea ikafika mwisho.

Aliyenishtua ni jirani yetu muuza maziwa. Alikuja asubuhi na kidumu chake, hata salamu hakumaliza.

"Sindano, umelitazama shamba la mama yako?"

Sindano ndiye mimi. Ni fundi cherehani huko mjini, na mdomo wangu unachoma, basi jina likaninasa.

"Shamba limefanyaje?"

"Nenda kaone mwenyewe, nisije nikaambiwa nina maneno. Ila mama yako hajatulia huko aliko. Anamalizia kazi yake."

Nikamwambia aache maziwa aende zake. Msiba ulikuwa bado mbichi, viti vya kuazima vimejaa uani, halafu mtu anakuletea habari za mizimu na chai hujanywa.

Lakini nikavaa viatu vya mama nikaenda.

Kwa wewe ambaye hujawahi kushika jembe, ngoja nikueleze kidogo. Mahindi yakifika magotini yanadai mbolea ya kukuzia, ile nyeupe ya punjepunje. Unachimba kishimo kando ya shina, unatia kifuniko kimoja cha chupa, unafukia. Ukiibandika kwenye shina, umeunguza mche. Usipofukia, jua linaikausha inapotelea hewani, au mvua inaisomba na hela yako.

Ukifanya vizuri, mvua ikapiga, baada ya siku kadhaa mahindi uliyoyalisha yanakolea kijani mpaka yanakaribia weusi. Uliyoyanyima yanabaki manjano. Hapo huna pa kujificha, kila mpita njia anajua ulipoishia.

Na mama alikuwa na sheria yake moja. Mstari haukatwi katikati.

Jua liwake, mgeni aje, mtoto alie, mstari unamalizika kwanza. Shamba letu liko kando ya njia, na kitu alichokichukia duniani ni mstari wenye rangi mbili. "Watu watapita waseme, hapa yule mama alichoka," ndivyo alivyokuwa akisema. Haki ya Mungu, nimeshawahi kubanwa na haja nikaambiwa nimalize mstari.

Sasa nimesimama pale njiani, nalitazama shamba.

Upande wa juu wote ulikuwa kijani, kazi ya mama. Upande wa chini wote manjano, unatia huruma. Na mpakani, mstari wake wa mwisho. Nikaufuata kwa miguu hadi kwenye kisiki, pale walipomkuta. Nikasubiri uanze kupauka.

Haukupauka. Ulikwenda kijani vilevile mpaka kwenye nyasi za mwisho wa shamba.

 Nikachuchumaa, nikaita, "Mama?" Usinicheke. Hata wewe ungeita.

Halafu nikaona kitu kinang'aa kwenye nyasi. Kopo. Kopo la mafuta ya kupikia lenye mpini wa waya, ndani yake mbolea iliyolowa mvua ikagandamana chini.

Lile kopo nalijua. Ni la baba. Aliutengeneza mpini ule mwenyewe, akauzungushia kitambaa nilichomletea kutoka kibandani kwangu, kwa sababu waya ulikuwa unamkata vidole.

Hapo sasa inabidi nikwambie habari za baba.

Siku mama alipofariki, baba aliwaambia watu kwamba alikuwa nyumbani. Kwamba aliona mvua inakuja, akaenda kumwita mkewe, akamkuta amelala kwenye kisiki. Nilipofika kutoka mjini nilimuuliza mbele ya watu wote: "Ulikuwa nyumbani unafanya nini, mama yuko shambani peke yake?"

 Baba yangu, mtu wa utani, mtu ambaye hata kwenye foleni ya zahanati anachekesha wagonjwa, alitazama vidole vyake vya miguu.

Basi nikamfuta. Nilikuwa napika, namwekea sahani mezani, naenda kula uani. Siku moja alinijia taratibu. "Mwanangu, tumalizie ile mbolea. Mahindi yana njaa."

Nikamjibu, "Kamalizie mwenyewe. Wewe si umezoea kuacha watu wafanye kazi peke yao?"

Alichukua mfuko wa mbolea, akaenda nao hadi kwenye kona ya shamba. Akasimama. Akarudi nao ulivyo. Nikasema moyoni, uvivu huo.

Begi langu lilikuwa limeshafungwa. Nilikuwa nimeapa kwamba nikiondoka pale sirudi tena, hata kwa simu asinitafute. Mama ameondoka, na kwa baba naondoka mimi.

Ndiyo nikapata lile kopo.

Kumbe alikuwepo! Kichwa kilinichemka. Kumbe alikuwa pale pale, na mama akafa anamtazama, na bado akaweka mbolea mpaka mwisho wa shamba? Binadamu gani huyo?

Nilirudi nyumbani kwa kasi mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Nikamkuta baba sebuleni, chai imepoa mbele yake. Nikalibamiza kopo mezani.

"Hili limefikaje mwisho wa shamba?"

Alilitazama. Mkono wake ukaenda kwenye ule mpini, ukaushika pale kwenye kitambaa.

"Umelikuta wapi?"

"Baba, usinizungushe! Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Shangazi yangu, dada yake, alikuwa jikoni. Nikasikia mwiko umetulia sufuriani.

"Tulianza wote asubuhi," baba akasema. "Yeye anachimba vishimo, mimi nyuma yake natia na kufukia. Kama siku zote. Tulipofika kwenye kisiki akashika kifua. Nikamwambia, mke wangu, twende zahanati. Akasema ni uchovu tu."

"Ukamwacha?"

"Nikamshika mkono nimwinue. Akauchomoa. Akaniambia, mvua ile inakuja, malizia mstari, mimi nakuja. Nikakataa. Akanicheka. Akasema, unataka niwe na mstari wa rangi mbili, watu wanione nimezeeka?"

Nilimsikia mama mle ndani ya sauti ya baba. Neno kwa neno, ni yeye.

"Nikachukua kijiti chake cha kuchimbia, nikaendelea. Nachimba, natia, nafukia. Nilikuwa nampigia stori ili asiboreke. Unanijua. Mwanzoni alikuwa anaitikia, mh, mh. Nilipokaribia mwisho nikamtania, nikamwambia kwa sauti, leo umenitegea kazi, jioni utapika mara mbili."

Akalivuta kopo karibu naye.

"Nikacheka mwenyewe, mwanangu. Nilicheka kwa nguvu. Nikageuka nione kama naye anacheka."

Jamani.

Nililia mpaka nikakaa chini sakafuni. Baba hakulia. Alibaki ameshika ule mpini, anausugua kwa kidole gumba.

"Kwa nini ulisema ulikuwa nyumbani?" nikamuuliza nilipoweza kusema. "Mimi nimekutukana. Nimekunyima hata salamu."

"Ningesema nini? Kwamba mama yako anakata roho, mimi naweka mbolea? Nikaona heri mniite mvivu. Uvivu mtu anasamehewa."

 Nilikaa pale chini, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake kama zamani, na yeye akaweka mkono juu ya kichwa changu. Shangazi akaja na sahani moja, akatuwekea katikati, akatoka. Siku ile tulikula pamoja. Begi nikalifungua.

Yale mahindi ya chini hatukuyaokoa. Arobaini ya mama ilipopita ndipo nikaenda kwa muuza pembejeo, akaniuliza kama yameshaanza kuchanua. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Dada, mmechelewa. Hapo utalisha majani tu, hindi halitajaa."

Nilirudi mjini kwenye cherehani yangu, lakini kila jioni simu. Baba akaanza utani tena, kidogokidogo. Mavuno yalipofika nikaja kumsaidia.

Yale ya manjano yalitoa vibunzi. Vitu vya ukubwa wa kidole, punje mbili tatu. Baba akasema, "Haya hata kuku atatudai fidia." Tukacheka, na kucheka kule kuliniuma.

Tukaacha mstari wa mama uwe wa mwisho. Mahindi yake yalikuwa yamejaa, mazito, mkono hautoshi kushika. Tukavuna tukienda, mimi mbele, baba nyuma na gunia. Tulipofika kwenye kisiki nikasikia gunia limetua.

Nikageuka. Baba amekaa juu ya kisiki. Jasho linamtoka. Mkono uko kifuani.

"Baba?"

"Nimechoka tu," akasema. "Wewe malizia mstari, mimi nakuja."

 Maneno ni yale yale. Nadhani hata yeye hakusikia alichosema, mpaka alipouona uso wangu.

Mbele yangu kulikuwa na nusu mstari, mahindi mazuri kuliko yote shambani, ya mama yangu. Nikayatazama. Nikatupa yale niliyokuwa nimeyashika mkononi.

"Inuka. Tunaenda zahanati."

"Sindano, acha fujo. Imebaki hatua chache. Mama yako asingekubali..."

"Mama alikufa, baba!"

Nilipiga kelele mpaka muuza maziwa akasimama njiani. Sikujali. Nikamwita, akaweka chini kidumu chake, tukamshika baba huku na huku. Njia nzima ananung'unika kwamba tumeacha mstari nusu na watu watasema.

Daktari alimpima, akapima tena, kisha akaacha kutuchekea. Akasema presha imepanda vibaya na moyo una hitilafu, na kwamba tungechelewa tungekuwa tunazungumza mengine. Alilazwa. Nilikaa kando ya kitanda nimemshika mkono, na aliponiuliza nani anavuna, nikamwambia hakuna.

Baba yuko hai leo hii ninapoandika. Anakunywa dawa zake kwa kulazimishwa, ananitania kwamba nimemgeuza mtoto mchanga. Ile nusu ya mstari ililiwa na ndege na ng'ombe wa watu. Kila aliyepita njia ile aliona kwamba hapa mtu aliishia katikati.

Na waseme.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kitu kimoja. Mtu wako akishika kifua, akakwambia ni uchovu tu, endelea na kazi, mkatalie. Akucheke, akutukane, akuchomolee mkono, mshike tena. Baba yangu alimtii mke aliyempenda, na hadi leo hataki kukaa chumba kimoja na lile kopo. Nimelipeleka mjini, liko chini ya cherehani yangu, humo naweka vifungo.