Nyimbo za Somo Yangu Zilizofika Kilabuni

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mume hakunituma, shetani hakunishika mkono. Ni kiherehere changu mwenyewe.

Mimi ni mama wa hapa Palma. Nilipovunja ungo, aliyenifunda unyagoni ni bibi mmoja wa kijiji cha Mute, na ndiye somo yangu mpaka leo. Nilipojifungua binti, nikambembeleza aniimbie zile nyimbo nizirekodi kwenye simu, nisije nikazisahau kabla mtoto hajakua. Alikataa wee, mwisho akakubali. Tukafunga mlango, akageuza beseni akalipiga kama ngoma, akaimba. Katikati akanitania, nikacheka, na kicheko changu kimo humo.

"Hizi ni zako na za mwanao," akaniambia. "Mwanamume asizisikie."

Jamani, nilizipenda nyimbo zile! Nikipika nasikiliza, nikifua nasikiliza, visikilizio masikioni. Kuna pahala sauti inapanda, anakohoa, halafu anaupokea wimbo palepale alipouacha. Hapo narudisha nyuma, nasikiliza tena, narudisha tena.

Kisha gesi ikaja na watu wake. Nikapata kazi ya jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi. Kulikuwa na wanawake wa kila mahali, na mmoja wa Maputo niliyekuwa nakata naye vitunguu alikuwa akitamba kutwa: kwao kuna muziki, huku kwetu kuna minazi tu. Alinichosha. Siku hiyo nikamchomeka kisikilizio kimoja sikioni. Kisu kikamsimama mkononi. "Amiga, shoga yangu, nitumie hiyo," akasema.

Nikavimba kichwa. Nikamtumia, nikamwambia asimpe mtu, haya ni mambo ya wanawake. Nikajipa moyo: kwani na yeye si mwanamke? Sijui alimpa nani, na huyo akampa nani. Labda kila mmoja aliambiwa vilevile, usimpe mtu.

Binti yangu alipokaribia wakati wake, nikaenda kumchukua somo twende mjini tukachague kanga za mwali. Tunapita kwenye vilabu vya barabarani, wanapokunywa vijana wa kambini, nasikia beseni. Wameliongezea kinanda, lakini ni lile beseni. Sauti ya somo yangu inatoka kwenye koluna, spika kubwa kama kabati, na wanaume wamesimama na chupa mkononi wanakata viuno. Mmoja alikuwa anaigiza kile kikohozi, wenzake wanamcheka.

Somo alisimama. Akavuta ushungi mpaka mdomoni.

"Nani kaitoa hii?"

"Sijui, somo." Wallahi nilisema hivyo.

Palepale kwenye spika kikatoka kicheko changu. Aliniangalia kidogo tu. "Tulikuwa wawili mle ndani, mwanangu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Kanga hatukununua. Tulipofika kwake akaniambia hafundi mwali tena, wangu wala wa mtu. Atamwimbia nini mtoto wa watu, wimbo ambao walevi wanaujua?

Nilikwenda na mama yangu kuomba radhi. Akasema amenisamehe, na ninamwamini. Lakini kuimba hataki.

Mwezi uliopita binti yangu alitolewa ndani. Tulimtafuta kungwi upande wa Quionga, mwanamke mzuri, ila nyimbo zake si zetu. Somo yangu alikuja kwenye sherehe. Akakaa mkekani na wageni, akala pilau, akampigia mwali makofi, midomo imefumbwa. Wageni walipoondoka binti akaniuliza, "Mama, kwani yule bibi wa Mute hazijui nyimbo?"

Nikaenda uani nikajifanya naosha masufuria.

Dada zangu, mtu akikuimbia na mlango umefungwa, usimsikilizishe hata shoga yako wa kufa na kuzikana. Hata kama amekudharau, mwache akudharau. Ukishaituma sauti yake huwezi kuirudisha. Mimi kwangu nimeifuta, nikadhani nimepumzika. Juzi sokoni simu ya muuza samaki ikaita, na mlio wake ni sauti ya somo yangu. Nikasimama mbele ya meza yake, mkoba mkononi, naona haya, na huku naomba Mungu yule muuza samaki asiipokee haraka.